Maji Yaliyomiminwa Ardhini: Historia ya Mji wa Bagan

Mfalme Kyanzittha alikuwa mgonjwa wa kufa. Alikuwa ametawala miaka 28, na waliomzunguka walijua hainuki tena. Ndipo mwanawe, Rajakumar, alipoingia na sanamu ya Budha aliyoitengeneza kwa dhahabu. Alimweleza baba yake kwamba ameifanya kwa niaba yake, kisha akamwomba jambo moja. Vile vijiji vitatu vya watumwa, ambavyo mfalme alikuwa amempa mkewe kipenzi, na mke alipofariki akampa mtoto wao, sasa mfalme aridhie viwe mali ya sanamu hii. Mgonjwa alifurahi. Mbele ya watawa wakuu alitamka kuwa jambo hilo ni jema, akamimina maji chini, ardhi ipate kuwa shahidi.

Tunayajua haya kwa sababu Rajakumar aliyachongesha kwenye jiwe. Ilikuwa mwaka 1112 au 1113. Ni nguzo ya pande nne, na kila upande unasimulia kisa kile kile kwa lugha yake: Kipali, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wabudha, Kimon, lugha ya wasomi wa kusini, Kipyu, lugha ya watu walioitawala nchi kabla ya Waburma, na Kiburma chenyewe, ambacho wakati huo kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kuandikwa. Jiwe hilo lipo hadi leo kijijini Myinkaba, kusini kidogo ya kuta za mji wa kale wa Bagan. Lina laana mwishoni. Yeyote atakayewatendea jeuri watumwa hawa waliotolewa kwa sanamu, awe mwana wa mtoaji, mjukuu wake au ndugu yake, asijaliwe kumwona Budha atakayekuja.

Rajakumar hakuwa mrithi wa kiti. Tarihi za kifalme zinasema Kyanzittha, enzi za ujana wake, alikimbia hasira ya mfalme wa wakati huo akajificha mashambani, na huko akamwoa msichana aitwaye Thambula. Alipoitwa kurudi mjini alimwacha mja mzito, akampa pete. Akizaliwa mtoto wa kike, aiuze pete imlee. Akizaliwa wa kiume, amlete mtoto pamoja na pete. Thambula alikuja naye, ila alichelewa. Kyanzittha alikuwa tayari ameshakuwa mfalme, ameshampakata mjukuu wake kutoka kwa binti yake na kumtangaza mbele ya watu kuwa ndiye atakayemrithi. Neno la mfalme likishatoka halirudi. Mjukuu huyo alikuja kutawala kwa jina la Alaungsithu. Mtoto wa Thambula alibaki na vijiji vitatu, navyo akavitoa.

Kiswahili kina neno linalokitosha kitendo hicho kuliko lugha nyingi: wakfu. Mali inaondoka mikononi mwa mwenyewe, haiuzwi tena, hairithiwi, haitozwi kodi, na atakayeigusa ameandikiwa maneno mazito. Dini ni nyingine, sheria ni nyingine, lakini mtu aliyekulia Lamu au Unguja akisoma maandishi ya Bagan atakutana na mambo anayoyajua: ardhi iliyopimwa, minazi iliyohesabiwa, kisima, mashahidi, thawabu kwa waliokufa na walio hai. Mahekalu ya Bagan yote yalizaliwa na kitendo hicho. Leo yamesimama zaidi ya 2,200, na ukihesabu pamoja na magofu na vichuguu vya matofali yaliyoporomoka, wataalamu wameorodhesha zaidi ya 3,500. Yametapakaa kwenye tambarare ambayo mtu anaweza kuizunguka kwa baiskeli siku moja.

Tambarare yenyewe haikuwa mahali pa kutegemewa kuzaa dola. Bagan iko ukingo wa mashariki wa mto Irrawaddy, katikati ya Myanmar, nchi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Burma. Milima ya Arakan, upande wa magharibi, huzizuia pepo za msimu zinazotoka Ghuba ya Bengal na kuzinyang'anya mvua yake, kwa hiyo kinachofika Bagan ni mabaki. Udongo ni wa vumbi jekundu. Kinachoota ni mikwaju, mikunazi, migunga, na mivumo mirefu ambayo wenyeji huikwea alfajiri na jioni kugema tembo. Mashamba ni ya ufuta na karanga. Mpunga uliowalisha wafalme ulitoka mbali, Kyaukse upande wa kaskazini-mashariki na Minbu upande wa kusini, ambako mito midogo ya milimani ilizibwa na kugawanywa kwa mifereji. Bagan ilikuwa na mto wa kusafirishia, udongo wa kufyatulia matofali, na jua la kuyakausha.

Tarihi zinasema kuta za mji zilijengwa na mfalme Pyinbya mwaka 849. Lango moja la kale limesalia, lango la Tharabha, na pande zake mbili kuna vijumba vya mizimu miwili, kaka na dada. Kaka alikuwa mhunzi mwenye nguvu za ajabu. Mfalme wa nchi yao alimwogopa, akamfunga kwenye mti na kumchoma moto, na dada yake akajitupa katika moto ule ule. Watu wa Bagan walikuwa wakiitambikia mizimu hiyo kabla Ubudha haujakolea, na hawakuacha ulipokolea. Hata leo mtu akinunua gari jipya atalipeleka mbele ya lango hilo kuombewa kinga ya njiani.

Dola ilianza na Anawrahta, aliyetwaa kiti mwaka 1044. Alimpokea mtawa kutoka kusini, Shin Arahan, akaifanya madhehebu ya Theravada kuwa dini ya ikulu. Tarihi zinasimulia kwa fahari kwamba mwaka 1057 aliuteka mji wa Thaton wa Wamon, uliokuwa na vitabu vitakatifu ambavyo mfalme wake alikataa kuvitoa, akarudi na misahafu hiyo juu ya migongo ya tembo weupe 32, na nyuma yao mateka 30,000: wachongaji, waashi, wachoraji, wasomi, na mfalme wao Manuha akiwa amefungwa minyororo. Wapo wanahistoria wa leo wanaokikataa kisa hiki na kusema kilitungwa karne nyingi baadaye. Mimi naona hoja zao zina uzito. Hata hivyo lipo jambo moja la Anawrahta ambalo halina shaka, nalo ni dogo. Ni vibao vya udongo wa kuchoma, vya kushika mkononi, vyenye sura ya Budha upande mmoja, na maandishi yanayosema kuwa mfalme huyu amevitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Vimeokotwa sehemu nyingi za nchi. Kwa vibao hivyo tunaweza kufuata mipaka ya dola yake, mahali kwa mahali.

Mfalme Manuha naye, iwe alitekwa kwa namna gani, ameacha hekalu linaloitwa kwa jina lake, pale pale Myinkaba. Kwa nje ni jumba la kawaida. Ukiingia ndani unakutana na Budha mkubwa ameketi, na chumba hakimtoshi. Mabega yanakaribia kugusa kuta. Kifua kimefura. Paa liko karibu na utosi. Hakuna mahali pa kurudi nyuma ukamtazama vizuri. Unabaki chini ya magoti yake, shingo umeiinua. Pembeni wako wengine wawili wa namna hiyo hiyo, na nyuma yuko mmoja aliyelala, amejaza chumba kichwa hadi miguu. Wenyeji wanaeleza kuwa mfalme mfungwa aliruhusiwa kujenga, akajenga hali yake. Ninayaamini maelezo hayo kwa sababu mwili unayasikia kabla ya akili: ukiwa mle ndani pumzi inakaza.

Baada ya Anawrahta alikuja mwanawe Sawlu, ambaye hakudumu, kisha Kyanzittha mwaka 1084. Huyu ndiye aliyejenga Ananda, hekalu ambalo watu wa Bagan wenyewe hulipenda kuliko yote. Mwaka unaotajwa na wengi ni 1105. Umbo lake ni msalaba wenye mikono minne sawa, na juu yake mnara wa dhahabu unaofika kimo cha mita 51 hivi. Ndani wamesimama Mabudha wanne wa mbao, kila mmoja na upande wake wa dunia, kila mmoja zaidi ya mita tisa. Wa kaskazini na wa kusini ndio wa asili. Mafundi waliacha tundu juu ukutani, mahali ambapo mtu aliye chini halioni, na mwanga unaingia kwa tundu hilo ukaangukia uso wa sanamu peke yake, huku mwili ukibaki gizani.

Ukisimama mbali na Budha wa kusini, unaona anatabasamu. Kadiri unavyomkaribia tabasamu linafifia, na ukifika miguuni pake uso umekuwa wa mtu mwenye mawazo. Wafalme walisali karibu, raia walisali mbali. Upande wa magharibi, miguuni pa sanamu, wamepigishwa magoti watu wawili wa kimo cha kawaida: mmoja ni Kyanzittha, mwingine ni mtawa Shin Arahan aliyewahudumia wafalme mmoja baada ya mwingine. Mfalme amefumba mikono. Kati ya mahekalu yote aliyojenga au kumalizia, pamoja na stupa kubwa (jengo la ibada lisiloingiwa ndani) ya Shwezigon iliyoanzwa na Anawrahta, ni humu tu tunapomwona akiwa mdogo kuliko kitu alichokitoa.

Ujenzi huo ulihitaji matofali kwa mamilioni, na mengi yana muhuri. Kijiji kilichoyafyatua kiligonga jina lake kwenye udongo kabla haujakauka, pengine kwa kuhesabu mzigo, pengine kwa kutaka fungu lake la thawabu. Waashi wa Bagan walijua pia ufundi ambao haukuwa wa kawaida katika sehemu hizo za Asia, wa kupanga matofali yaegemeane kwa ubavu hadi yakafanya tao la kweli. Kwa hiyo waliweza kuezeka vyumba vikubwa kwa matofali matupu, ghorofa juu ya ghorofa. Thatbyinnyu, ya karne ya 12, inapita mita 60. Na mafundi hawa walilipwa. Maandishi ya watoaji yanaorodhesha fedha, mpunga, nguo, hata tembo na farasi walivyopewa waashi, maseremala na wachoraji. Ni jambo la kutiliwa mkazo, kwani wengi wakiona majengo makubwa ya kale hudhani moja kwa moja kuwa kila tofali liliwekwa kwa mjeledi. Kwa itikadi ya watu wa Bagan, hekalu lililojengwa kwa dhuluma lingempunguzia mtoaji thawabu.

Lakini watumwa walikuwapo, na hatuwezi kupita bila kuwataja. Watu wale wa vijiji vitatu vya Rajakumar walitolewa kama ilivyotolewa ardhi waliyoilima. Maandishi yanawaita watumwa wa hekalu, na mara nyingi yanawataja kwa majina: mpishi, mpiga ngoma, mchunga ng'ombe, mfagizi, mwanamke na mtoto wake anayenyonya. Kazi yao ilikuwa kulima mashamba ya hekalu, kuwapikia watawa, kufagia nyua, kuwasha taa. Mfalme hakuweza kuwatia jeshini wala kuwatoza kodi, na wako waliojitoa wenyewe kwa hiari. Pamoja na hayo hali hiyo ilirithiwa na watoto na wajukuu, na kadiri karne zilivyopita ikageuka unyanyapaa. Kizazi cha watumwa wa hekalu kilitengwa na watu hadi nyakati za karibu kabisa. Yule aliyechonga laana ya kuwalinda alikuwa ndiye aliyewatoa. Nikiyasoma majina yao nasikia uchungu, na pia nafarijika kuwa yameandikwa. Wakulima wangapi wa karne ya 12 wanajulikana kwa majina, popote duniani?

Mahekalu mengine yalijengwa kwa hofu. Dhammayangyi, jengo kubwa kuliko yote kwenye tambarare, tarihi zinamhusisha nalo Narathu, ambaye alimziba pumzi baba yake, Alaungsithu yule mjukuu, mzee na mgonjwa, mwaka 1167. Alimwua na ndugu yake pia. Wanasema alikuwa akipita kukagua ukuta kwa sindano, na sindano ikipenya kati ya tofali na tofali, mwashi alikatwa mkono. Viungio vya ukuta ule kweli ni vyembamba kiasi cha kuogopesha. Korido za ndani zimejazwa vifusi vya matofali hadi juu, mtu hawezi kupita, na Narathu mwenyewe aliuawa baada ya miaka michache ya utawala. Popo ndio wanaokaa humo sasa.

Kutoka hapo hadi katikati ya karne ya 13 ilikuwa enzi ya neema, na ndipo idadi kubwa ya mahekalu ilipojengwa: Sulamani, Gawdawpalin, Htilominlo na mamia ya madogo yasiyo na majina ya wafalme. Waziri Anantasura na mkewe walijenga lao huko Minnanthu mwaka 1223. Maandishi yao yanataja ukuta, nyumba za watawa, kisima, bwawa, bustani, mashamba na watu. Wajane walijenga. Wafanyabiashara walijenga. Wanakijiji walichangishana. Kila jengo lilihitaji posho ya daima, maana hekalu bila shamba litaota majani, kwa hiyo kila jengo jipya lilikwenda na ardhi yake, na ardhi ile haikurudi tena kwenye daftari la mfalme.

Mwanahistoria Michael Aung-Thwin, aliyeyachambua maandishi haya kwa miaka mingi, alikadiria kuwa kufikia mwisho wa karne ya 13 kati ya theluthi moja na theluthi mbili za ardhi ya kilimo ya Burma ya juu ilikuwa imeshatolewa kwa dini. Mwanzoni mambo yalijiendesha vizuri. Mfalme alitoa, mafundi walipata kazi, wakulima walifungua mashamba mapya, mavuno yaliongezeka, mfalme akapata cha kutoa tena. Ardhi mpya ilipokwisha, mduara ukakatika. Mfalme bila ardhi hana cha kuwapa makamanda, na makamanda wasiopewa kitu hutafuta mwingine wa kumtumikia. Mfalme Kyaswa alijaribu kurudisha baadhi ya mashamba, akashindwa. Angewezaje? Babu zake walikuwa wamemimina maji, na laana zilikuwa zimechongwa mlangoni.

Aliyeangukiwa na jengo ni Narathihapate, aliyetawala kuanzia mwaka 1256. Alijenga Mingalazedi, stupa nzuri yenye vigae vya Jataka, ngano za maisha ya awali ya Budha, akaandika juu yake kuwa yeye ni amiri wa askari milioni 36, na kwamba kila siku hula sahani 300 za mchuzi. Watu walinong'ona kuwa stupa ikimalizika nchi itakwisha, na mfalme mwenyewe akasimamisha kazi kwa muda kwa hofu ya maneno hayo. Upande wa kaskazini, Kublai Khan alikuwa ameshaitwaa Yunnan, akatuma wajumbe kudai Bagan itoe heshima na kodi. Tarihi inasema wajumbe hao waliuawa kwa kukataa kuvua viatu mbele ya mfalme.

Mwaka 1277 majeshi yalikutana Ngasaunggyan. Marco Polo ameieleza vita hiyo. Farasi wa Wamongolia waliwaogopa tembo, wakawa hawasogei. Wapanda farasi wakashuka, wakawafunga farasi msituni, wakawamiminia tembo mishale hadi wakageuka na kuwakanyaga askari wao wenyewe. Mashambulizi mengine yalifuata, na mfalme akaukimbia mji kwenda kusini. Waburma wanamkumbuka hadi leo kwa jina la mfalme aliyewakimbia Wachina. Alipokuwa akirudi, mwaka 1287, alifika Pyay, ambako mwanawe Thihathu alimwekea chakula chenye sumu na kumzunguka na panga. Kabla ya kula, inasimuliwa, aliomba kwamba katika maisha yake yote yajayo asijaliwe tena mtoto wa kiume.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kuwa Wamongolia waliuchoma mji wa Bagan. Mabaki ya moto wa namna hiyo hayajaonekana, na siku hizi wasomi wengi wanatilia shaka kama waliuteka kweli. Mwisho wenyewe ulikuja polepole, tena kutoka ndani. Desemba 1297, ndugu watatu wa Myinsaing, makamanda waliokuwa wakilishika eneo la mpunga la Kyaukse, walimkaribisha mfalme wa wakati huo, Kyawswa (si yule Kyaswa wa kwanza), aje kwao kwenye sherehe ya nyumba ya watawa. Alipofika walimvua ufalme na kumvika joho la utawa katika nyumba hiyo hiyo. Mwenye mpunga alikuwa ameshinda. Mji mkuu ulihama, kwanza Myinsaing, baadaye Pinya, baadaye Ava, na Bagan ikabaki mahali pa hija.

Katika fujo za miaka hiyo yupo mtu mmoja ninayemkumbuka kuliko wafalme wote. Ni mtawa aliyeitwa Disa Pramok. Mwaka 1285 alitumwa kwa Kublai Khan kuomba amani, akasafiri hadi Beijing. Habari zake zimechongwa kwenye jiwe mjini Bagan. Hakumwendea Khan na vitisho wala machozi. Alimweleza habari za mpunga: wakulima wamekimbia, mashamba yamelala, na jeshi lililoingia katika nchi isiyolimwa litakula nini? Khan alimsikiliza. Aliporudi, mfalme alimzawadia ardhi kwa kazi hiyo. Nchi ilikuwa imevunjika, hazina tupu, adui mpakani. Disa Pramok aliichukua ardhi ile akaitoa wakfu kwa hekalu, na ndiyo sababu jiwe likachongwa.

Karne zilizofuata zilikuwa za kimya lakini si za ukiwa. Watu waliendelea kukaa ndani ya kuta za kale, wakigema tembo, wakisuka vyombo vya mianzi vinavyopakwa utomvu mweusi, wakifagia mahekalu yale waliyoyaweza. Mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi, msomi Emanuel Forchhammer aliligundua jiwe la Rajakumar. Lugha ya Kipyu ilikuwa imekufa, hakuna aliyeweza kuisoma. Kwa kuwa jiwe linasema jambo lile lile mara nne, Charles Otto Blagden aliufungua upande huo mwaka 1911 kwa msaada wa pande tatu nyingine. Lugha ya taifa zima ilifufuliwa na mtoto aliyekuja na pete akiwa amechelewa. Wageni wengine walikuja na misumeno. Mwaka 1899 Mjerumani Theodor Heinrich Thomann alibandua michoro ya ukutani katika hekalu la Wetkyi-in akaichukua hadi Ulaya, na kuta zile zimebaki na mapengo yenye pembe nne.

Kuna watu wetu pia waliopita karibu. Februari 1945, jeshi la Waingereza lilipotaka kuvuka Irrawaddy kuwafukuza Wajapani, kivuko chenyewe kilikuwa Nyaung-U, kwenye mlango wa Bagan. Ili kumpoteza adui, Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya, wakiwamo vijana wa Tanganyika na Uganda, ilipelekwa kusini, ng'ambo ya mji wa Chauk, ijifanye ndiyo inayovuka. Wajapani waliamini, wakaja juu yao kwa ukali, na Wahindi wa Divisheni ya 7 wakavuka. Wazee waliorudi nyumbani walisimulia misitu, malaria na mvua. Sijasoma mahali popote kama yupo aliyeinua macho upande wa kaskazini siku ya anga safi.

Ardhi ya Bagan hutetemeka. Tarehe 8 Julai 1975 tetemeko liliangusha mahekalu mengi, na Bupaya, stupa ndogo yenye umbo la kibuyu iliyokuwa juu ya ukingo wa mto, iliporomokea majini yote. Ilijengwa upya. Mwaka 1990 serikali ya kijeshi iliwaamuru wakazi wa ndani ya kuta wahame, wakapelekwa kwenye viwanja vitupu kusini, mahali panapoitwa Bagan Mpya. Wale waliokuwa wafagizi na walinzi wa mahekalu kwa vizazi wakawa wanakuja kazini kwa baiskeli. Miaka iliyofuata mamia ya magofu yalikwezwa minara mipya ya matofali mapya, mara nyingi bila kujulikana ule wa asili ulikuwaje, na wataalamu wa nje walilalamika sana. Nakubaliana nao kuhusu historia iliyofutika. Lakini mengi ya matengenezo yale yalilipiwa na raia waliotaka thawabu, na kibao chenye jina la mtoaji kimewekwa mlangoni kama ilivyokuwa mwaka 1223.

Tarehe 24 Agosti 2016 ardhi ilitikisika tena, na mahekalu karibu 400 yakaharibika. Mengi ya yaliyoanguka yalikuwa ni yale marekebisho mapya ya juu. Watawa, wanafunzi, askari na wanakijiji walijipanga mistari, wakapokezana matofali kutoka mkono hadi mkono. Miaka mitatu baadaye, Julai 2019, UNESCO iliiandika Bagan katika orodha ya urithi wa dunia, ikitaja pamoja na majengo hayo desturi ya kutafuta thawabu ambayo haijakatika.

Kila mwaka, mwezi wa Pyatho, ambao huangukia Desemba au Januari, wakulima hufika kwenye uwanja wa Ananda kwa mikokoteni ya ng'ombe na kupiga kambi kwa siku kadhaa. Alfajiri ya mbalamwezi watawa hupita kwa mamia, bakuli mkononi, na watu huwatilia mchele, biskuti, noti. Baadaye familia iliyotoa huketi chini mbele ya mtawa. Anasoma kwa Kipali, nao wanafuatisha. Mama anashika birika dogo na kuanza kumimina maji, tone kwa tone, ndani ya kikombe, hadi kisomo kiishe. Kisha mtoto mmoja hutumwa nje na kikombe, akayamwage chini ya mti.